Nimeambiwa "Mishanter" Si Neno

Mezani nina barua inayonitaka nilipe pauni 180 za kozi ya Kiingereza. Mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, nikaandika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa Kiingereza, nikafanya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa wanaokwenda ng'ambo, Nairobi kwa pesa ambazo mamangu alizitoa kwenye chama cha kuwekeana akiba, nikapita. Pauni 180 ni zaidi ya elfu thelathini za kwetu. Watu wa Kisauni na Likoni, kwetu Mombasa, hawana haja ya kuambiwa elfu thelathini inalipa nyumba gani na kwa miezi mingapi.

Kosa nililoandikiwa ni neno moja. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini-mashariki mwa Uskoti, si mbali na bahari. Kati ya wazee ninaowahudumia yuko mmoja aliyekuwa mvuvi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa sakafuni kando ya kiti chake, mkono umechunika kidogo, akili timamu. Kazi hii ina utaratibu wake: mtu akianguka unamkagua, unaita nesi, kisha unamuuliza mwenyewe kilichotokea na kuandika jibu lake kwa maneno yake, ndani ya alama za kunukuu. Nikamuuliza. Akajibu: "I hid a bit mishanter wi the cheer." Maana yake, nimepatwa na mkosi mdogo na hiki kiti. Nikaandika vivyo hivyo, na chini yake nikaandika nilichokiona kwa macho yangu.

Meneja wetu alihamia huku kutoka kusini mwa Uingereza. Alinirudishia ile rekodi akiwa ameandika pembeni: hili si neno, andika Kiingereza. Nikamwendea ofisini kwa adabu, nikamweleza kuwa mzee ndivyo alivyosema. Akaniambia huenda sikumsikia vizuri, maana Kiingereza si lugha yangu. Siku chache baadaye barua ikaja.

Nimekasirika, na sioni haja ya kuificha hasira yangu. Sikukasirika kwa ajili ya pesa peke yake. Mzee wa miaka themanini na ushei, katika nchi aliyozaliwa, ameambiwa na mtu asiyekuwepo chumbani kwamba alichokisema hakikusemwa. Na mimi niliyemsikia na kumwandika kwa uaminifu nimegeuzwa mgeni asiyejua lugha.

Basi nimelifuatilia hilo neno mpaka nilikoweza kufika, na nataka mlijue.

"Mishanter" ni neno la Kiskoti. Kiskoti si Kiingereza kilichopinda, wala si Kigaeli, lugha nyingine ya watu wa milimani. Ni lugha ndugu ya Kiingereza. Zote mbili zimetoka katika lugha moja ya kale, kisha kila moja ikashika njia yake, na Kiskoti kilikuwa lugha ya wafalme, mahakama na washairi wa huku kwa karne nyingi. Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa cha kale, "mesaventure". "Aventure" ni jambo linalomjia mtu bila kulipanga, na "mes" mbele yake hulifanya liwe jambo baya. Kifaransa kiliingia Uskoti pamoja na makabaila wa Kinormani waliopewa ardhi na Mfalme David wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153, na baadaye Waskoti na Wafaransa wakafunga mapatano ya kusaidiana dhidi ya Uingereza mwaka 1295. Kadiri vizazi vilivyopita neno likalika vinywani mwa watu, sauti zikadondoka, likabaki "mishanter". Wengine huliandika "mischanter".

Tusijifanye hatuyajui mambo haya. Sisi watu wa pwani tunasema balaa, msiba, masaibu, na yote matatu ni ya Kiarabu. Yameishi nasi hadi hakuna anayeyaona kuwa wageni. Mama akiangusha sufuria ya wali siku ya wageni hakimbilii kamusi kuuliza "balaa" lina uraia gani.

Na Waingereza wenyewe wanaye ndugu wa neno hilo. Mtu akifa kwa ajali Uingereza, jaji anayechunguza vifo anaweza kuandika kwamba alikufa kwa "misadventure". Ni neno la kisheria, linaandikwa kwenye hati na kupigwa muhuri. Yaani mesaventure ileile, ikivaa suti London, huingia mahakamani, na ikisemwa na mvuvi chumbani kwake huambiwa si neno. Nililiandika hilo katika jibu langu kwa meneja, kwa lugha ya adabu kuliko ninavyowaandikia hapa.

Kisha kuna mshairi Robert Burns. Ukikaa Uskoti hata mwezi mmoja utamjua, maana kila tarehe 25 Januari wanakula na kusoma mashairi kwa heshima yake. Alizaliwa 1759 Alloway, mtoto wa mkulima mpangaji. Mwaka 1785 alizaa binti nje ya ndoa na Elizabeth Paton, msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwao. Kanisa la huko wakati ule halikuwa na mchezo: mzinifu alisimamishwa au kukalishwa mbele ya waumini, akakemewa watu wote wakimtazama. Burns naye aliyapitia hayo. Halafu akamwandikia mtoto shairi la kumkaribisha duniani, na katika mistari ya mwanzo kabisa anasema "mishanter fa' me", yaani mkosi na unifike, iwapo mawazo juu yako au juu ya mama yako yatanitia hofu au kuniinamisha kichwa.

Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatulia kidogo. Hicho ni kiapo. Ni kama mtu wa kwetu anavyosema, "nifikwe na balaa ikiwa nitamkana mwanangu." Nyote mnajua kwetu mtoto wa namna hiyo huitwaje, na mnajua majina hayo hutamkwa na nani na mbele ya nani. Kijana huyu wa miaka ishirini na sita alikuwa na nafasi ya kukana. Badala yake akachukua neno la mkosi, akajiapiza nalo ili mtoto asiwe mkosi. Binti akalelewa na mama yake Burns. Shairi halikuchapishwa wakati wa uhai wake, na mtu anaelewa kwa nini.

Mwaka uliofuata, 1786, Burns alikuwa amejiandaa kuhamia Jamaica kutafuta maisha. Umaskini, kesi ya familia ya mchumba mwingine, mambo yamemfunga kila upande. Hiyo ni sababu tunayoijua wengi tulioko huku. Ila kazi aliyokuwa akiiendea ilikuwa ya uandishi wa hesabu katika shamba la watumwa, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kulipita hilo kana kwamba halikuandikwa. Kitabu chake kilichapishwa Kilmarnock mwezi wa Julai, nakala 612, kikapendwa, na safari ikafa.

Kuna matumizi mengine ya neno hili yaliyo makali zaidi. Watu wa zamani walimwita Shetani mwenyewe "mishanter", na kumwambia mtu aende kwa mishanter kulikuwa kumtuma motoni. Hili halikunishangaza. Nyanya yangu alipokuwa akimfukuza paka jikoni alisema "toka, balaa we!" Mkosi ukishatajwa sana hupata miguu na sura. Na wavuvi wa ukanda huu walikuwa na miiko mizito ya kauli: baharini hawakumtaja nguruwe, hawakumtaja kasisi, na samaki aina ya samoni walimwita "samaki mwekundu" tu. Likitajwa jina la mwiko, aliyesikia alishika chuma kilicho karibu. Nyumbani kwetu nyoka hakutajwa usiku, alikuwa "kamba". Nilipomsimulia mzee habari ya kamba alishika ncha ya chuma ya kitanda chake, kwa uzito kabisa, akaniambia nyanya yangu alikuwa mwanamke mwenye busara.

Nilimuuliza siku hiyo hiyo kama chombo kikizama na watu huitwa mishanter. Akatikisa kichwa. Hilo kwake halikuwa na jina la kusemwa wakati wa chai. Mishanter ni kuanguka, kuvunja kikombe, kukosa basi, ng'ombe kuingia shamba la jirani. Kamusi inalipa neno nafasi pana zaidi, hadi maafa makubwa, lakini yeye ana mipaka yake, na mimi naifuata mipaka yake ninapoandika habari zake.

Sasa, kamusi. Mwanzo alikuwepo John Jamieson, mchungaji, aliyechapisha kamusi yake ya Kiskoti Edinburgh mwaka 1808. Kabla yake mtindo wa wasomi ulikuwa kuyafuta maneno haya. Mwaka 1761 mabwana wa Edinburgh walijaa ukumbini kumsikiliza mwigizaji wa Kiayalandi, Thomas Sheridan, akiwafundisha kutamka Kiingereza cha London. Mwaka 1787 James Beattie, profesa wa hapa hapa Aberdeen, alichapisha orodha ya maneno ya Kiskoti kwa alfabeti ili watu wajue ya kuepuka. Wasomi wa nchi hii walikaa na kalamu wakaorodhesha maneno ya mama zao kuwa makosa. Shuleni nako, hadi zama ambazo wazee wangu wa leo walikuwa watoto, aliyemjibu mwalimu kwa lugha ya nyumbani aliweza kupigwa mkanda wa ngozi viganjani. Adhabu ya mkanda katika shule za serikali ilikoma 1987 tu.

Nani kati yetu hajui hadithi hii? Sisi tulivishwa diski shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Nami nilikatwa alama kwa Kiswahili chenyewe. Mimi ni mtu wa Mvita, Mombasa. Kwetu macho ni mato, nchi ni nti, njoo ni ndoo. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alitunga kwa lahaja hiyo mashairi ambayo hadi leo wasomi wanayafafanua kwa vitabu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, serikali za kikoloni ziliamua Kiunguja ndicho kiwe sanifu, na kuanzia hapo lugha ya Muyaka ikawa wino mwekundu daftarini mwangu. Sikatai usanifu. Ninaandika kwa Kiswahili sanifu sasa hivi ili mtu wa Bukavu na wa Muscat anielewe. Ninachokataa ni mtu kusimama akasema mato si neno.

Ndiyo maana Kiskoti cha upande huu, wanachokiita Doric, nilikizoea haraka. Kina kawaida yake, na kawaida ikishaeleweka mlango unafunguka. Pale Mwingereza anapoanza swali kwa "wh", mtu wa hapa huanza kwa "f". Nini ni "fit", wapi ni "far", nani ni "fa", vipi ni "foo". Ukisalimiwa "fit like?" ni hujambo. Ni kawaida kama ya "ch" ya Unguja kuwa "t" Mvita, na sikio lililokulia Mji wa Kale linaikamata.

Kamusi kubwa ya Kiskoti cha tangu 1700 ilianza kuchapishwa 1931 ikakamilika 1976, juzuu kumi. Mhariri aliyeifikisha mwisho, David Murison, alizaliwa Fraserburgh, mji wa wavuvi wa pwani hii hii. Kamusi ya Kiskoti cha zamani zaidi ikakamilika 2002, juzuu kumi na mbili. Zote mbili ziko kwenye intaneti bure tangu 2004. Nimechapa ukurasa wa "mishanter", nikaubana pamoja na jibu langu. Nimeongeza pia viwango vya taifa vya huduma za afya na jamii vya Uskoti, vinavyotumika tangu Aprili 2018, ambavyo vinasema mtu asaidiwe kuwasiliana kwa njia inayomfaa yeye. Na nimekumbusha kuwa mwaka 2025 bunge la Edinburgh lilipitisha sheria inayokipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, hadhi rasmi nchini. Kama neno la lugha rasmi si neno, nataka nielezwe kwa maandishi.

Wazo la kujibu halikuwa langu. Mama mmoja msafishaji, mzaliwa wa Fraserburgh, alinikuta stoo ya mashuka nimeshika barua. Hatukuwa tumezoeana, ni salamu tu za asubuhi. Aliisoma akasimama, uso ukamwiva. Akaniambia bibi yake alilisema neno hilo kila siku ya Mungu, na kwamba shuleni yeye mwenyewe alichapwa kwa maneno kama hayo. Jioni akaniletea chakula kwenye bakuli lililofunikwa, supu nzito ya samaki na viazi wanayoiita "Cullen skink", na namba ya simu ya chama cha wafanyakazi. Sikuomba. Binti ya mzee naye alipopata habari akaandika barua yake, ukurasa mzima, akisema baba yake kwa mara ya kwanza tangu alazwe pale ameandikwa kama anavyozungumza. Nimeishi huku nikijiambia kuwa watu hawa hawaingilii mambo ya mtu. Wiki hii wameingilia, na nawashukuru kwa moyo wote. Jibu la ofisi bado sijalipata. Kozi silipi.

Nawageukia ninyi mnaoniandikia kila siku "dada, nifanyie mpango." Nisikilizeni. Mlango wa kazi za kutunza wazee kwa mtu aliyeko nje ya Uingereza ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Tangu tarehe 11 Machi 2024 hata aliyepata kazi hiyo hakuruhusiwa kuja na mume au watoto. Wakala anayekuuzia leo cheti cha udhamini wa mhudumu kwa milioni moja anakuibia, hata kama ni mtoto wa mjomba wako, hata kama ana picha yake mbele ya kasri la Edinburgh. Walioko huku tayari, mjue kuwa mwajiri akipoteza leseni yake ya kudhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwingine au kuondoka. Hiyo ndiyo sababu watu humeza matusi. Nami nimepiga hesabu hiyo kabla ya kutuma jibu langu, usiku kucha, na nimelituma.

Wanaokuja kwa uuguzi au masomo na mkapangiwa Uskoti, IELTS haitawafundisha haya. Mgonjwa akisema "oxter" yake inauma, ni kwapa. "Wame" ni tumbo. "Hirple" ni kuchechemea. Akisema yuko "wabbit" amechoka hana nguvu, na "dwam" ni kuzubaa kana kwamba fahamu zimetoka kidogo, jambo ambalo nesi lazima aambiwe mara moja. Ukiambiwa bibi fulani anafanya "greet", usidhani anasalimia, analia, nenda kamwone. La hatari zaidi ni "doot". Kwa Mwingereza ni kutilia shaka. Kwa mzee wa hapa, "I doot I'm nae weel" maana yake ni nahofia kuwa siko sawa. Ukiandika kwamba ana shaka kama anaumwa, umeandika kinyume, na daktari atasoma kinyume.

Kwa hiyo andikeni neno la mgonjwa kama lilivyotoka, mliweke ndani ya alama za kunukuu, kisha pembeni mweke maana yake kwa Kiingereza. Mkilikosa kwenye kamusi, badilisheni tahajia, maana neno moja lina sura nyingi, na kama linaanza kwa "f" jaribuni pia "wh". Lakini kabla ya simu, muulizeni mwenyewe. Mzee wangu hukaa sawa kitini ninapomuuliza neno, hujibu taratibu na kulirudia mpaka nilipate. Ameshaniahidi kunieleza majina yote ya pepo za bahari hii, na zamu yangu ya Alhamisi ni ya mchana, tutakuwa na nafasi.